Kitufe cha Start na Mazoea ya Mikono

Tarehe 26 Oktoba 2012 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa Windows 8, na haukupita muda watu waliokuwa kwa miaka mingi wakiandika barua zao, wakipiga hisabu zao na kuhifadhi picha za harusi zao katika kompyuta bila ya kuwaza habari za mfumo unaoiendesha, wakajikuta mbele ya skrini wasiyoijua. Pembe ya chini upande wa kushoto, mahali ambapo tangu tarehe 24 Agosti 1995 palikuwa na kitufe cha Start, palikuwa patupu. Badala ya orodha ya programu iliyozoea kupanda kutoka katika kitufe hicho, mashine ilipowashwa ilifunua ukurasa mzima wa vigae vya rangi kali, vingine vikijibadili vyenyewe kuonyesha hali ya hewa, habari za dunia na sura za marafiki. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa na ilidumu; na kwa kuwa aghalabu imeelezwa kuwa ni ukaidi wa watu wasiopenda mambo mapya, nataka kuipima hapa kwa insafu, maana naamini kwa dhati kwamba ndani yake mlikuwa na dai la haki.

Mfumo wa kuendeshea kompyuta ni programu iliyo msingi wa programu nyingine zote: ndiyo iamshayo mashine, igawayo kumbukumbu yake, ilindayo faili na kupokea amri za kibodi na kipanya. Walakini mtumiaji wa kawaida haoni lolote katika kazi hizo, na kwake yeye mfumo ni ile sura tu anayokutana nayo, yaani madirisha, vitufe, picha ndogo na orodha ambazo kwa kuzibofya hupata anachokitaka. Sura ya Windows, jinsi watu wengi walivyoijua, ilibuniwa kwa uangalifu. Kabla ya mwaka 1995, katika Windows 3.1, wageni wa kompyuta walipata taabu nyingi: programu zilikaa ndani ya madirisha yaliyolaliana, dirisha moja likilifunika jingine, na kubofya mara mbili kwa haraka kulikuwa mtihani kwa mkono usiozoea. Wataalamu wa Microsoft waliwakalisha watu mbele ya mashine, wakawatazama wakipapasa, wakatambua kwamba mushkili mkubwa wa mgeni ni kujua pa kuanzia. Danny Oran, mmoja wa wabunifu wa kampuni hiyo, ndiye anayetajwa kuwa asili ya kitufe cha Start, kinachobofywa mara moja tu, kikakaa mahali pamoja daima, na chini yake kikakusanya kila kitu. Hata hivyo hawakuridhika. Mtu alipoiwasha Windows 95 kwa mara ya kwanza, mshale ulitelezea kwenye mstari wa chini ya skrini hadi ukakigota kitufe hicho, nao ukichukua maneno ya kumwambia abofye hapo aanze.

Hiyo ndiyo ihsani iliyosahauliwa mwaka 2012. Katika miaka 17 iliyokuwa imepita, mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha jifunza pembe ile, na maarifa yenyewe yalikuwa yameshuka kutoka kichwani hadi mkononi, kama yalivyo ya mpishi anyooshaye mkono akapata chumvi huku macho yake yako kwenye chungu. Maarifa ya namna hii hayajulishi uwepo wake. Mtu hawezi kukusimulia, kwani hana habari kuwa anayo. Wala hayakupatikana bure, maana kila aliyeyapata aliyalipia kwa saa za kukosea, kwa aibu ya kuuliza, na pengine kwa ada ya kozi ya jioni. Kwa hiyo yanapobatilishwa kwa siku moja na mtu aliye mbali, aliyepoteza anaona uzito wake wakati huo huo anapoyapoteza, na hasira yake ni hasira ya mwenye mali.

Ni haki pia kueleza kwa nini Microsoft ilithubutu. Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilikuwa imetoa iPad, kompyuta kibao isiyo na kibodi wala kipanya, na dunia ikaipokea kwa mikono miwili. Wakuu wa Microsoft, ambao biashara yao ilisimama juu ya kompyuta za mezani na za mapajani, waliona wazi kwamba kizazi kinachokuja kitaigusa skrini kwa kidole, na kwamba orodha nyembamba za Windows, zilizopimwa kwa ncha ya mshale wa kipanya, hazifai kidole. Steven Sinofsky, mkuu wa idara ya Windows, aliamua kuwa mfumo mmoja uhudumie kompyuta za aina zote, za kidole na za kipanya kwa pamoja, na siku ile ile Windows 8 ilipotoka, Microsoft ilitoa pia Surface, kompyuta kibao yake yenyewe. Fauka ya hayo walikuwa na tarakimu. Kompyuta za waliokubali kutoa habari za matumizi yao zilionyesha kuwa watu wanaifungua orodha ya Start mara chache kuliko zamani, kwa sababu wengi walikuwa wamebandika programu wazipendazo kwenye mstari wa chini. Kutoka katika tarakimu hizo ilitolewa hoja ya kwamba orodha imechakaa na yaweza kuondoka.

Hoja hiyo ilikosea, na makosa yake yanafaa kuangaliwa, maana hutendwa tena na tena na watu wenye akili. Hesabu ya mibofyo hueleza kitu kinatumiwa mara ngapi. Haielezi mtu huwa katika hali gani anapokitumia. Karani aliyebandika programu zake nne chini ya skrini hana haja ya orodha ya Start toka asubuhi hadi adhuhuri, lakini siku anapotafuta programu aliyoitumia mara moja mwaka jana, au anapotaka kubadili printa, au anapopotea tu asijue yuko wapi, ndipo anaporejea kwenye pembe ile. Mara chache hizo ndizo zilizokuwa na thamani.

Tazama jinsi kazi ndogo kabisa ilivyogeuka, nayo ni kuizima kompyuta. Katika Windows 7 mtu alibofya Start, akabofya neno la kuzima, akaondoka. Katika Windows 8 ilimpasa kwanza kuupeleka mshale hadi ncha ya pembe ya kulia, juu au chini, mahali pasipo na alama yoyote, akangoja; zikajitokeza picha tano nyeupe zilizofifia; akauteremsha au kuupandisha mshale ukingoni mwa skrini bila kuingia ndani, kwani akiteleza tu picha hutoweka na kazi huanza upya; akachagua ile ya mipangilio; ukafunguka ubao wa pembeni, na chini yake, kati ya picha za mtandao, sauti na mwangaza, akatafuta ya umeme; akaibofya; ndipo akaulizwa kama ataka kuilaza mashine, kuizima au kuiwasha upya. Wabunifu walikuwa na sababu yao ya kuchagua pembe. Tangu utafiti wa Paul Fitts wa mwaka 1954 imejulikana kuwa kulenga kitu huwa rahisi kadiri kilivyo kikubwa na karibu, na pembe ya skrini ni shabaha nyepesi mno kwa kipanya, maana mshale husimama wenyewe ukingoni hata ukisukumwa kwa nguvu. Lakini wepesi huo ni wa mtu ajuaye kuwa hapo pana kitu. Yule asiyejua hana cha kulenga, na pembe tupu haimwambii neno.

Kadhalika skrini ya mlangoni, ile inayoonekana kabla ya kutia neno la siri, ilionyesha saa na picha nzuri ya mandhari, basi. Hapakuwa na kisanduku wala kitufe. Mwenye kompyuta kibao aliisukuma juu kwa kidole; mwenye kipanya alikaa akiitazama, mpaka kwa bahati alipobofya au kugusa kibodi ikapanda.

Na aliyeingia ndani alikuta mashine yenye nafsi mbili. Ukurasa wa vigae ulikuwa na programu zake, zilizojaza skrini nzima. Na nyuma yake lilibaki lile eneokazi la zamani, lenye folda na madirisha yake. Mtu akiwa katika eneokazi akabofya picha moja ili aione, ghafla kila kitu kilitoweka, picha ikaenea skrini nzima, na ile alama ya X ya kufungia dirisha, ambayo jicho lilizoea kuitafuta pembe ya juu, haikuwapo. Ilimpasa aushike ukingo wa juu wa skrini kwa mshale na kuuburura hadi chini kabisa. Palikuwa na programu mbili za kusomea intaneti zenye jina moja la Internet Explorer, kurasa zilizofunguliwa katika moja zisionekane katika nyingine, na mahali pawili pa kubadili mipangilio. Jakob Nielsen, bingwa wa Denmark aliyejulikana sana katika elimu ya matumizi ya kompyuta, aliwaita watu 12 waliozoea kompyuta, akawapima kwa Windows 8, na Novemba 2012 akatoa hukumu kwamba mfumo huo unawachosha wazoefu na wageni kwa pamoja: kumbukumbu ya mtumiaji inatwishwa mazingira mawili, mambo ya lazima yamefichwa, na vigae bapa havionyeshi kipi kinabofyeka na kipi ni pambo.

Microsoft ilidhani imetoa mafunzo ya kutosha. Wakati Windows 8 ilipokuwa ikijiandaa katika mashine mpya, ilionyesha picha fupi za kumwelekeza mtu apeleke mshale pembeni. Nchini kwetu Tanzania, na naamini Kenya na Uganda ni vivyo hivyo, mashine haiandaliwi na mwenyewe. Huandaliwa na fundi au muuza duka, anayeiwasha, akaitilia programu, akaijaribu, kisha akaikabidhi. Na huyo fundi ndiye aliyeyaona yale mafunzo, ilhali mwalimu au mfanyabiashara aliyelipa fedha zake alikutana na vigae bila ya neno la kukaribishwa. Katika steshenari, ambako watu huja kupigiwa chapa barua na kutolewa nakala, wateja walileta kompyuta zao mpya za mapajani wakisema, “Dada, hii naizimaje?” na dada mwenyewe, aliyekuwa bado anatumia Windows XP kwa ustadi wa kuhusudiwa, akikishika kipanya na kuzunguka skrini nzima bila kupata pa kushika. Nimemwona mtu wa makamo, ofisa mwenye cheo, akiishikilia swichi ya kompyuta kwa kidole hadi izime kwa nguvu, kwa sababu aliona haya kuwauliza vijana wa ofisini mwake. Aibu kama hiyo haimo katika tarakimu za kampuni yoyote, nami naihesabu kuwa dhuluma, ingawa haikukusudiwa.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Microsoft haikuonywa. Nakala ya kwanza ya majaribio ilitolewa Septemba 2011, na wajuzi walipoipekua ndani waligundua kuwa orodha ya zamani ya Start ingali imo, imelazwa tu, na kwamba kwa kubadili tarakimu moja katika kumbukumbu za mfumo inaamka na kufanya kazi kama kawaida. Ilipotolewa nakala iliyofuata, tarehe 29 Februari 2012, njia hiyo ilikuwa imezibwa. Jambo hili moja hunisikitisha kuliko yote katika kisa hiki, maana kuacha kutengeneza kitu ni jambo moja, na kukizuia kilichopo kisimfikie anayekitaka ni jambo jingine. Watumiaji walifanya waliyoweza. Classic Shell, programu iliyotolewa bure, iliirudisha orodha ya Start kwa sura ya zamani. Kampuni ya Stardock iliuza nyingine, Start8, kwa dola 4.99, na watu wakainunua. Nao wasiokuwa na haja ya hayo yote wakabaki na Windows 7, au wakanunua mashine mpya na kumwambia fundi awawekee ya zamani.

Insafu hunilazimu kutaja upande wa pili, kwani si kila kilio cha watumiaji kina haki ndani yake. Windows 95 yenyewe ililalamikiwa na waliozoea Windows 3.1. Mwaka 2007 Microsoft iliondoa orodha za kushuka katika Word na Excel, ikaweka ule utepe mpana wa vitufe uliopo hadi leo, na makarani wa dunia nzima wakalia kwamba wamepotezewa kazi. Lakini utepe ulikaa, watu wakauzoea, na wanafunzi wa siku hizi hawawezi kuiwaza Word bila ya utepe huo. Mtu anayesema kwamba kila badiliko ni baya anaikosea kazi ya wabunifu, wengi wao wakiwa watu wenye nia njema na elimu nyingi. Tofauti naiona katika mambo mawili. La kwanza, utepe uliweka wazi vitu vilivyokuwa vimefichwa ndani ya orodha, ilhali Windows 8 ilificha vilivyokuwa wazi. La pili, katika mabadiliko mengi ya zamani muda wa kuhama uliachiwa mtu mwenyewe: ndani ya Windows 95 iliachwa ile Program Manager ya zamani kwa atakayeitaka, na Windows XP ya mwaka 2001, pamoja na rangi zake za buluu na kijani zilizowachukiza wengi, ilimruhusu mtu kurudi kwenye sura ya kijivu aliyoizoea. Wengi waliopewa hiari hiyo waliitumia kwa muda, kisha wakaiacha wenyewe.

Marejeo ya Microsoft yalikuja polepole na kwa shingo upande. Sinofsky aliondoka katika kampuni Novemba 2012, majuma machache tu baada ya mfumo wake kutoka. Tarehe 17 Oktoba 2013 ilitolewa Windows 8.1, na kitufe cha Start kikaonekana tena katika pembe yake. Watu wakakibofya kwa furaha, kikawapeleka kwenye ukurasa ule ule wa vigae. Hata hivyo palikuwa na nafuu, kwani mtu aliweza sasa kuiamuru mashine ianzie kwenye eneokazi. Sasisho la tarehe 8 Aprili 2014, siku ile ile ambayo Windows XP ilikoma kuhudumiwa, liliongeza kitufe cha kuzimia kwenye ukurasa wa vigae na kuzirudishia programu za skrini nzima ile alama ya X. Orodha yenyewe ya Start ilisubiri hadi Windows 10, tarehe 29 Julai 2015, iliporudi ikiwa imechukua vigae vichache ubavuni mwake, mapatano ambayo kama yangefanywa miaka mitatu kabla yangewaepusha watu wengi mashaka. Wenye kuruka kutoka Windows 7 hadi Windows 10 hawakupata tabu kubwa, nalo ni jambo la kuzingatiwa na wale waliowaita wakaidi.

Microsoft haikuwa peke yake. Septemba 2013 Apple ilitoa iOS 7, iliyobadili sura nzima ya iPhone na iPad kwa mkono wa mbunifu Jony Ive: vivuli na ngozi za kuigiza viliondolewa, herufi zikakondeshwa, na kila programu iliyofunguliwa ikamwendea mtu kama inayomkaribia kutoka mbali. Wengi waliipenda. Baadhi walipatwa na kizunguzungu na kichefuchefu, mithili ya abiria wa jahazi katika bahari iliyochafuka, kwa sababu macho yaliona mwendo ambao mwili haukuuhisi. Na hao nao mwanzoni walidhaniwa wanatia chumvi. Madaktari wa masikio na mizani ya mwili wanaijua hali hiyo vizuri. Apple iliwasikia, na katika sasisho la Oktoba 2013 ikaipanua hiari ya kupunguza mwendo, hata programu ikafunguka kwa kufifia taratibu bila ya kurukia machoni. Hiari hiyo ingali imo katika simu hizo.

Tarehe 5 Oktoba 2021 ilitoka Windows 11, na kitufe cha Start kikahamishwa kutoka pembeni hadi katikati ya mstari wa chini. Safari hii kelele zilikuwa chache, kwa kuwa katika mipangilio iliwekwa hiari ya kukirudisha kushoto, na aliyetaka alikirudisha kwa mibofyo michache. Malalamiko yaliyodumu yalikuwa ya kundi jingine, dogo, ambalo nadhani halikuwazwa: watu waliozoea kuuweka mstari wenyewe juu ya skrini au ubavuni, jambo ambalo Windows iliwaruhusu tangu 1995. Windows 11 ilipotoka, ruhusa hiyo haikuwamo, na mstari ukafungwa chini kwa watu wote.